Upinde wa Babu

Mazishi ya babu yalipoisha, wanaume wa ukoo walikutana nyuma ya nyumba kutafuta wa kurithi upinde wake. Kwetu Kebirigo upinde hupewa yule ambaye mkono wake unauweza: avute kamba hadi sikioni, atulie, ndipo apige shina la mgomba.

Baba mkubwa, na kitambi chake cha mjini Kisii, aliishia kifuani. Baba mdogo alifika kidevuni akitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Shangazi, aliyechuma majani chai Itumbe tangu usichana wake, akasema, “Nipeni na mimi nijaribu.” Walimcheka. Eti upinde ukiguswa na mwanamke unaishiwa nguvu.

Basi akapewa baba mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa wa wote. Sasa umetundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni, umepakwa vanishi, wageni wanaupiga picha. Nikikaa pale nageuza kiti niupe mgongo. Lakini ninayemchukia zaidi ni mimi niliyenyamaza siku ile, maana nilijua: mikono ya babu ilipolegea, aliyekuwa akifukuza tumbili mahindini kwa upinde huohuo alikuwa shangazi.