Begi la Mtu Anayekwenda Msibani

Mama alifariki Buffalo, Marekani, na mdogo wangu wa kiume hakumzika. Aliishi Louisville, akifanya kazi ya ghala kule Jeffersontown. Nilipompa habari kwa simu aliomba ruhusa kazini akaondoka na gari lake. Alipita Columbus kumchukua mwenzetu mmoja tuliyekulia naye kambi ya wakimbizi Tanzania, ambaye naye alikuwa anakuja msibani. Walipoondoka mjini, polisi wakawasimamisha. Ndani ya begi lililokuwa kwenye kiti cha nyuma walikuta vidonge vingi vya dawa za kulevya.

Yule mwenzetu alisema begi ni la dereva. Alirudia hivyo mahakamani, ili naye apunguziwe adhabu. Mdogo wangu alisema begi si lake. Mwendesha mashtaka akamuuliza: unampakia mtu safari ndefu namna hii, humuulizi amebeba nini? Akajibu, "Sikumuuliza." Hakueleza zaidi, wala wakili wake hakumtaka aeleze. Alitiwa hatiani, akafungwa miaka minane.

Kwetu, mtu anayekwenda msibani haulizwi amebeba nini. Huenda ni maharage, huenda begi ni tupu na amelibeba tu asionekane anakuja mikono mitupu. Ukimuuliza umemwaibisha.

Hatukuwa na uwezo, kwa hiyo kwa ajili ya rufaa mahakama ilimpa wakili mwingine, dada kijana. Tuliongea naye kwa simu, mkalimani katikati. Alituambia siku ambayo majaji wangekaa Columbus. Sisi tulijua rufaa ya kambini: usiporidhika unarudi mbele ya wazee, na kila mtu anasema tena tangu mwanzo. Hivyo tulitoka Buffalo magari mawili, tumevaa nguo za kanisani.

Njiani shangazi aliniambia, "Wewe useme ulimwona mtu yule akiingia na begi lake."

"Shangazi, mimi nilikuwa Buffalo namwosha mama."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Haya, kaa na ukweli wako, mtoto akae na pingu zake."

Mumewe, aliyekuwa anaendesha, akasema, "Mwache. Huyu akidanganya anaanza kukohoa. Majaji watamletea maji." Tulicheka, hata shangazi.

Mimi nilikuwa nimepanga kusema jambo moja tu, lile la kutouliza begi. Nililirudia kimoyomoyo mpaka Columbus.

Majaji walikuwa watatu. Wakili wetu alisimama akaongea, wakimkatiza kwa maswali. Wakili wa serikali naye akaongea. Kisha majaji wakainuka wakaondoka. Shangazi alikuwa ameshavua koti ili akiitwa asimame vizuri.

"Sasa zamu yetu lini?" akauliza kwa sauti.

Kwenye korido wakili alimpigia mkalimani, akanipa simu. Nikasema jambo langu lote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema majaji wa rufaa hawapokei maneno mapya, wanasoma tu yaliyosemwa katika kesi ya kwanza. Hili lilipaswa kusemwa kule.

"Na kama lingesemwa, angetoka?"

"Sijui," akasema. "Lakini ningekuwa na kitu cha kushika."

Nilimheshimu kwa kutonipa faraja ya uongo.

Tuliporudi Buffalo shangazi alishukia kwenye maduka ya Grant Street kununua unga, akasahau kuuchukua dukani.

Rufaa ilikataliwa. Wakili alinipigia kupitia mkalimani, akasema angemwandikia mdogo wangu, ila huenda angependa kusikia habari hiyo kwangu kwanza. Jumapili alipopiga simu kutoka gerezani nilimwambia bila kuzunguka.

"Wamekataa."

Nilisikia watu wakibishana nyuma yake, na mlango wa chuma.

"Yote?"

"Yote. Ni miaka ileile."

"Mlikuja kweli? Wakili aliniambia benchi lilijaa Waafrika."

"Tulikuja. Shangazi, yuko jikoni hapa, alitaka kuhutubia."

Akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Dada, wewe unaamini sikujua?"

Ningeweza kusema ndiyo, na pengine ndilo alilohitaji siku ile.

"Naamini hukumuuliza," nikasema. "Ndani ya gari sikuwepo."

"Sawa," akasema. "Shangazi nitamwambia mwenyewe kwamba wamekataa. Mpe simu."