Msimu Ambao Mama Hakunigusa

Makaa yaliyonyeshewa hutoa harufu nzito, kama ya moto uliozimwa kwa haraka, na harufu hiyo ndiyo iliyojaa chumbani mwetu, mtaani Silanga, kila msimu wa mvua. Mama aliuza makaa mlangoni, kwenye mteremko unaoelekea bwawani, akiyapima kwa mikebe ya rangi iliyobonyea pande zote. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na jioni aliisugua kwa sabuni ya kipande kabla ya kunipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ya kwao Kitui. Tulikuwa wawili tu. Baba nilimjua kwa jina. Tulilala kitanda kimoja, mimi upande wa ukuta, na usingizi haukunijia mpaka niegemeze mgongo wangu kwenye tumbo lake. Mimi naitwa Mwende, ambalo kwa Kikamba ni yule anayependwa, na mpaka nafika miaka tisa sikuwa na sababu ya kulitilia shaka jina langu.

Mwaka huo mvua ilikawia kuisha, na mama akaanza kukohoa. Kila aliyeuliza aliambiwa ni vumbi la makaa. Kisha siku moja nikatoka shule nikakuta ametandika godoro dogo karibu na mlango. Akasema nitakuwa nalala hapo. Dirisha, ambalo hakuwahi kulifungua kwa sababu ya uvundo wa mtaro, sasa lilikaa wazi kutwa. Nilipomkimbilia, aligeuza uso. Nilipotaka kumalizia chai kikombeni mwake, kama nilivyozoea, alikinyakua kwa ukali hata chai ikanimwagikia kwenye sare, na hakuniambia pole. Kabla wiki haijaisha alikuwa amenifungia nguo kwenye mfuko na kumwita mdogo wake, Anti Ndanu, aje anichukue. Nilimuuliza nimekosa nini. Alijibu akiwa amenipa mgongo kwamba sijakosa kitu, ni kubadilisha hewa tu.

Anti Ndanu alikuwa msusi Kawangware, pale kituo cha matatu cha 46, mwenye kicheko kilichosikika plot nzima ya wapangaji. Alinipenda, hilo siwezi kukataa. Alinisuka bure nywele ambazo wenzangu walizililia, na chapati ya kwanza kutoka kwenye kikaangio ilikuwa yangu. Siku moja alinipeleka zahanati, nikadungwa sindano ndogo mkononi, na siku chache baadaye tukarudi daktari akautazama ule mkono. Anti akaniambia walikuwa wakinipima minyoo. Alipoambiwa sina kitu, alishusha pumzi ndefu kupita kiasi kwa habari ya minyoo tu, nikashangaa kidogo, kisha nikasahau. Akili yangu ilikuwa Silanga. Nilifagia, nikachota maji, nikaokota nywele bandia zilizotapakaa sakafuni, nikiamini kwamba sifa zangu zingemfikia mama na angekuja kunirudisha.

Alikuja kweli, Jumapili moja mchana, lakini hakuingia. Alisimama ng'ambo ya kichochoro, leso imemfunika mdomo, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Nilitimua mbio.

"Simama hapo hapo, Mwende!" alisema. "Usinikaribie."

Nilisimama. Wanawake waliokuwa wakisubiri kusukwa walitazama. Mama akamkabidhi Anti ndizi, wakanong'onezana, akaenda zake. Nikiwa bado nimesimama pale, mteja mmoja akasema, akidhani simsikii, "Huyo amepata bwana. Na bwana mpya hataki mtoto wa mwanamume mwingine." Anti alimwambia anyamaze. Hakumwambia ni uongo. Kwangu mimi, hilo lilitosha.

Jumamosi iliyofuata Anti alienda harusini kumsuka bibi harusi, akaniachia chakula. Sikukila. Niliifuata Ngong Road kwa miguu, nikiuliza njia kwa akina mama waliokuwa na watoto, mpaka nikayaona mabanda ya nguo za mitumba ya soko la Toi, nikajua nimekaribia. Kuanzia Makina niliijua kila kona. Nilikuwa nimepanga la kusema. Ningemwambia huyo bwana kwamba silii usiku, sili sana, na kwamba naweza kulala mlangoni bila kulalamika.

Mama alikuwa ameketi juani nje ya chumba, juu ya gunia tupu. Hakukuwa na makaa. Mapajani mwake kulikuwa na pakiti ya vidonge ya karatasi inayong'aa. Aliponiona alishtuka, akavuta leso.

"Mwende! Umeletwa na nani?"

"Nimekuja na miguu. Bwana yako ako wapi?"

"Bwana gani?"

"Yule hataki mimi."

Alinikodolea macho, kisha akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilipotulia niliona analia. Akaniambia niketi, si karibu sana, halafu akasema kwa sauti ya chini, akiangalia mlango wa jirani, "Nina kifua kikuu. Natibiwa. Nimeficha kwa sababu hapa wakijua hakuna atakayenunua kitu mkononi mwangu, na mwenye nyumba atatufukuza."

Akanieleza kwamba akiwa mdogo, kaka yake alilala kitanda kimoja na nyanya yangu aliyekuwa na ugonjwa huo huo. Nyanya akafa, kisha kaka. "Nilipoanza kukohoa, nilimuona kaka yangu kila nikikutazama. Zahanati wamenipima tena, wanasema siambukizi, wanasema nikuchukue. Nawaambia ngojeni kidogo. Ni mimi naogopa."

"Mimi siogopi," nilisema.

Mama akashusha leso, akanyoosha mkono, akanigusa shavu kwa ncha za vidole kama anayepima joto la sufuria. Mimi ndiye niliyesogea. Nilijisukuma kwake mpaka nikahisi mbavu zake, na hakunirudisha nyuma. Anti Ndanu alitukuta hivyo, amekuja mbio viatu mkononi, tayari kunichapa. Akaketi chini kwenye vumbi na nguo zake za kwendea harusini, akaanza kulia kwa sauti kuliko sisi sote.

Mama alipona. Siku hizi mhudumu wa afya akipata mgonjwa wa kifua kikuu anayeona haya, humwita mama, naye huenda na kusema mlangoni, jirani wakisikia, "Hata mimi niliugua, na niangalie." Zamani jina la ugonjwa huo halikutamkwa nyumbani kwetu ila kwa kunong'ona. Nami nina binti wa miaka tisa. Mwezi uliopita nilipoambiwa nitafanyiwa upasuaji wa goita, uvimbe wa shingoni, nilimketisha nikamweleza yote, nikamwonyesha na mahali watakapokata. Aliniuliza kama nitakufa. Nikamwambia madaktari wanasema nitapona, na kwamba nikiogopa nitamwambia. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama anaweza kubaki na simu yangu nikilazwa.