Nyayo za Unga Kizingitini

Kwa hesabu yangu ya kwanza, duka linalotazamana na meza yangu lina miungu watatu na mizani moja. Kwa miaka yote niliyofanya biashara mtaa ule, hakuna mungu kati ya hao aliyewahi kunipunguzia bei ya sufuria. Mwenye mizani ndiye mgumu kuwashinda wote.

Mwenye mizani ni bibi wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Sumbawanga. Ni mjane, mfupi, sauti yake inafika barabarani kabla yake, na Kifipa anakiongea vizuri kuliko wanangu. Anauza sufuria, majembe, kamba na chumvi ya ng'ombe. Mimi, ng'ambo ya barabara, nauza ulezi, mahindi ya Pito na dagaa wa Kabwe. Dagaa ndio ugomvi wetu mkubwa, kwa sababu Bibi hali chochote kilichowahi kuwa na macho, na upepo wa Ufipa hauna adabu: unabeba harufu unaipeleka moja kwa moja kwenye pua ya mtu asiyeihitaji.

Nilianza kuwatazama miungu wake siku niliyokwenda kununua sufuria. Katika kupatana bei kuna wakati wa kunyamaza, na wakati wa kunyamaza lazima macho yapate pa kukaa. Yangu yalikaa kwenye kalenda. Palikuwa na mama mzuri amesimama juu ya yungiyungi, lile ua la majini, amevaa sari nyekundu, mikono minne. Miwili imeshika maua, mmoja unabariki, na wa nne unamwaga sarafu za dhahabu.

"Bibi," nikasema, "huyu mama mkono wake wa nne ungeelekea kwangu kidogo tu, tungekuwa tumemalizana."

"Huyo ni Lakshmi. Anamwaga tangu kalenda ilipochapwa," akajibu. "Umeona sarafu hata moja imefika sakafuni? Lipa."

Juu ya mlango alikaa Ganesh mwenye kichwa cha tembo na kitambi kinachoonyesha kwamba mambo yake si mabaya, na panya mdogo miguuni. Panya yule alinisumbua. Mimi nauza nafaka, panya simwekei picha ukutani. Bibi akanieleza kwamba panya ndiye usafiri wake, kwamba mkubwa yule anaondoa vikwazo vikubwa na panya anapenya vilivyobaki. Nikakubali kwamba kwa mtu anayesafirisha mizigo, mpango huo una akili.

Wa tatu hakuwa na sura. Nyuma ya mizani palitundikwa bamba la shaba lililochorwa pembetatu zilizoingiliana, nyingine zinatazama juu, nyingine chini, zimezungukwa na duara la petali na mraba wenye milango minne. Bibi aliliita yantra. Mimi kitu nikikihesabu mara moja huwa sijakihesabu, basi nikahesabu zile pembetatu ndogo. Arobaini na moja. Nikarudia. Arobaini na nne.

"Arobaini na tatu," akasema Bibi bila kugeuka. "Unahesabu kama mnunuzi, unaanzia pembeni. Anzia katikati."

Katikati palikuwa na nukta. Akasema hiyo ndiyo mwenye nyumba, na mistari yote ni vyumba alivyojijengea akitoka ndani kwenda nje. Anayesali anarudi njia hiyohiyo: anaingia kwa mlango, anapita petali, anapita pembetatu, mpaka afike kwenye nukta.

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Si huyo wa kwenye kalenda? Kule amevaa sari. Huku yupo nyumbani kwake, hana haja ya kuvaa."

Ndipo nikajua miungu walikuwa wawili, si watatu, na kwamba hata mimi naweza kuhesabu mtu mmoja mara mbili.

Mwaka wa juzi, siku chache kabla ya Diwali, sikukuu yao ya taa, Bibi alipanda kigoda kumfuta Ganesh vumbi. Kikwazo hicho Ganesh hakukiondoa. Kigoda kiliteleza, na Bibi akarudi kutoka hospitali mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo. Binti yake anayeishi Dar es Salaam akapiga simu. Bibi kwa mkono mmoja hakuweza kushika simu na kukoroga chai, kwa hiyo aliiweka spika, nami nilikuwepo, nimekuja kumjulia hali na kuuliza bei ya kamba.

"Mama, inatosha. Nakuja Diwali, na nikiondoka naondoka na wewe. Duka tunafunga."

"Dar nitafanya nini? Nitoe jasho?"

"Utapumzika. Wewe hata kizingiti huwezi kukipamba mwaka huu."

Niwaambie hapa maana ya kizingiti. Kila Diwali Bibi huchora mbele ya mlango ua kubwa la unga wa rangi, rangoli, na kutoka pale nyayo ndogo za Lakshmi zinazovuka kizingiti, zinapita dukani, mpaka chumba cha nyuma penye taa na picha yake. Bila njia hiyo, mgeni hajui nyumba ya kuingia. Kwa Bibi, mwaka usiokuwa na zile nyayo ni mwaka ambao nyumba imeshakufa.

Bibi akanyamaza kidogo. Naujua ule unyamavu, ni wa kupatana bei.

"Basi tukubaliane," akasema. "Ukifika ukakuta kizingiti hakijapambwa, nitafunga mizigo yangu mwenyewe. Ukikuta kimepambwa, nabaki."

Binti akacheka, akakubali. Alikuwa na uhakika na lile hogo. Simu ilipokatika Bibi aliutazama mkono wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaniambia bei ya kamba bila kuiongeza. Nikajua hali ni mbaya.

"Bibi," nikasema, "hakutaja mkono wa nani."

Akainua macho. "Wewe dalali," akasema taratibu, "una magoti mazima?"

Unga wa rangi aliozoea kuagiza haukufika, kwa hiyo tulipamba kwa vitu vya Ufipa. Nyeupe ilikuwa sembe yangu. Kahawia, unga wa ulezi. Nyekundu tulitwanga vipande vya tofali, manjano alikuwa nayo jikoni, nyeusi ikatoka kwenye mkaa. Dagaa nilihamishia Milanzi nyumbani kwangu kwa siku nzima bila kuombwa, jambo ambalo Bibi alilitaja kwa kila mteja kama muujiza wa kwanza wa sikukuu.

Siku ya Diwali, mchana, tukakinga upepo kwa turubai na nikapiga magoti kwenye saruji. Mimi ni Mkatoliki. Padri angenikuta pale angefurahi kwanza, halafu ndiyo angeuliza napiga magoti mbele ya nani.

"Nukta," akasema Bibi kutoka kwenye kiti chake. "Nukta kwanza."

Nikaweka nukta. Halafu safu za nukta kuizunguka, halafu mistari ya kuziunganisha. Unga unaubana kati ya kidole gumba na cha shahada, unauachia kama unavyoachia chumvi kwenye mboga ya mtu usiyemwamini. Bibi alinisahihisha kila pumzi.

"Mstari usikatike!"

"Bibi, mimi napima kwa debe, sipimi kwa mstari."

"Naona. Hiyo petali ina mimba."

Nikaifuta ile petali, nikaipunguza tumbo. Ua lilipokamilika nilihesabu petali: nane. Nikarudia: nane. Bibi akaridhika, akaingia jikoni kukoroga vitamu vyake vya samli kwa mkono wa kushoto, akaniachia nyayo. Ni rahisi, alisema. Unachovya ngumi kwenye uji wa unga, unagonga sakafuni kwa upande wa kidole cha mwisho, unapata unyayo mdogo kama wa mtoto. Halafu unaweka vidole vyake vitano kwa ncha ya kidole chako.

Sisi tuliokulia kwenye nafaka tunajua namna moja tu ya kufanya kazi ya chini. Ukianika ulezi unaanzia mwisho wa mkeka, unarudi kinyumenyume, usije ukakanyaga ulichokwisha kutandaza. Basi nikaanzia nje penye ua, uso wangu ukitazama barabara, nikawa narudi nyuma: ngumi, vidole, ngumi, vidole. Nilivuka kizingiti, nikapita chini ya mizani, nikaingia chumba cha nyuma, nikatokea mlango wa uani, nikazunguka mbele kuitazama kazi yangu. Zilikuwa nzuri. Nilijisifu kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Wakati huo akafika mteja wa chumvi ya ng'ombe, mzee wa Kisukuma mwenye mifugo upande wa bondeni, fimbo begani, katambuga za tairi miguuni. Alisimama mbele ya ua, akalizunguka kwa heshima bila kulikanyaga, akainama. Watu wale wanafuata ng'ombe aliyepotea siku mbili kwa alama za kwato tu.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "mtoto wenu kaondoka muda mrefu?"

"Mtoto gani, baba? Huyo si mtoto, ni mgeni. Anaingia."

"Anaingia?" Akanyoosha fimbo. "Vidole viko wapi?"

Nikatazama. Vidole vyote vilielekea barabarani. Kila unyayo niliochora, kutoka penye taa mpaka penye ua, ulikuwa unatoka. Nilikuwa nimemsindikiza Lakshmi kutoka chumbani kwake, nikampitisha dukani, nikamwacha barabara ya stendi.

Bibi alitokea jikoni, akaona nyuso zetu, akashusha macho sakafuni.

"Umemfukuza!" akasema. "Mwaka mzima namngoja, wewe unamtoa nje kama mdaiwa!"

"Bibi, nilikuwa naanika."

"Unaanika nini? Mungu?"

Yule mzee alikohoa kicheko chake kwenye kiganja. Basi la Mbeya lilikuwa halijafika lakini halikuwa mbali, na binti alikuwa ndani yake. Bibi alikaa kitini akaushika mkono wake mgonjwa, na macho yake yakaenda kwenye majembe, kwenye kamba, kwenye bamba la shaba, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga kitakachoingia kwenye sanduku na kitakachoachwa. Hilo sikuweza kulitazama. Nikachukua tambara na ndoo.

Uji ulikuwa umeshakauka, na ndani yake Bibi alikuwa ametia manjano. Kila mpika pilau anajua manjano hayaagani na kitu upesi. Nilisugua, mzee akaniletea maji, lakini zile nyayo zilibaki, hafifu, rangi ya chai ya maziwa. Hapakuwa na muda wa zaidi. Nikakoroga uji mwingine wa sembe tupu, bila manjano, nikachovya ngumi upya. Safari hii niligeuka, nikaanzia nje nikitazama ndani, nikawa naruka upande kila hatua ili nisikanyage, kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua, na mzee wa Kisukuma nyuma yangu akithibitisha: "Anaingia. Anaingia. Huyo naye anaingia."

Nilikuwa bado naosha mikono binti alipofika na begi lake. Alisimama nje. Ua alilitazama muda mrefu.

"Shikamoo Mama. Nani amechora?"

"Marahaba. Kizingiti kimepambwa au hakijapambwa?"

"Kimepambwa." Halafu akainama, maana ni mtoto wa mama yake na macho yake hayaachi kitu. "Lakini hizi nyeupe zinaingia, na hizi za njano zinatoka. Anayetoka ni nani?"

Nikashika tambara kama ngao. Mzee wa Kisukuma akaanza ghafla kukagua chumvi.

"Hizo ni zako," akasema Bibi. "Sikukuu ikiisha unarudi Dar. Nimekuchorea njia usipotee."

Binti akaanza kucheka akiwa bado ameinama, akacheka mpaka akaketi juu ya begi lake. Alipomaliza alijifuta macho na kusema kwamba utani ni utani, lakini yeye kila simu ikilia alfajiri moyo humpiga paa. Akasema hawezi kuishi hivyo. Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu alikuwa na haki.

Nikaona ni wakati wa kuingia. Hilo la kupatana angalau naliweza.

"Dada, mkataba wenu niliusikia. Kizingiti kikipambwa, anabaki. Hakikusemwa kitu kuhusu mkono. Sasa tuongee muda tu. Diwali tatu."

"Tatu! Mpaka Pasaka."

"Pasaka ni sikukuu yangu mimi, wewe taja ya kwenu."

"Diwali moja. Na kigoda kile kinakuwa kuni leo hii. Na asubuhi na jioni kuna mtu anakuja kumtazama, na mtu huyo ananipigia simu."

"Mtu gani?"

Wote watatu wakanitazama, pamoja na mzee wa chumvi ambaye biashara hii haikumhusu hata kidogo.

"Diwali moja," nikakubali, "ikiisha tunapatana upya."

Binti akavua viatu, akavuka kizingiti kwa uangalifu, mguu wake mkubwa kando ya nyayo ndogo nyeupe, akielekea ndani.

Asubuhi yake sisimizi walikuwa wameshabeba nusu ya ua. Nilisikitika, Bibi alifurahi, akasema nao ni wageni na sembe ilikuwa yao. Mwaka uliofuata tulipatana upya, Diwali moja nyingine, na mkono wake ulikuwa umepona ila anasema magoti sasa ndiyo yanayouma, kwa hiyo kazi imebaki kwangu. Sikukuu nyingine ndiyo hiyo inakaribia, nami nafanya mazoezi ya nyayo uani kwangu Milanzi kwa uji wa pumba, nikitazama mlango. Hadi leo hakuna unyayo uliofika mlangoni. Kuku wanazila zote, na wanaanzia kwenye vidole.