Kumuaga Da Hidaya: Peckham hadi Lincoln kwa Gari la Umeme

Alhamisi jioni natoka shifti, Da Hidaya akanipigia simu kuniambia amekata tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani Lushoto, ya kwenda tu. Ya kurudi hakukata. Anaondoka Jumamosi, kupitia Manchester. Nilimuuliza kwa nini ananiambia leo. Akacheka kidogo.

"Ningekwambia mapema ungelia mwezi mzima, mdogo wangu. Bora ulie siku mbili."

Da Hidaya ndiye aliyenipokea London miaka kumi na tisa iliyopita. Sote ni watu wa Lushoto, yeye wa Soni, mimi wa Mlalo. Tulikaa chumba kimoja Peckham, juu ya saluni, kitanda kimoja: yeye alifanya kazi usiku, mimi mchana, kitanda hakikuwahi kupoa. Baadaye akapata kazi Lincoln, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akahamia huko mpaka akastaafu. Sikuwa tayari aondoke bila kumwona. Treni za kwenda huko zilikuwa zimefutwa kwa ajili ya matengenezo ya reli, kwa hiyo ikabaki gari letu.

Gari lenyewe ni la umeme, tulilinunua mkononi. Kiangazi linanifikisha maili mia na hamsini. Baridi ikikaza, mia nazo ni za kuombea. Nilikuwa sijawahi kulitoa nje ya London.

Ijumaa, saa moja asubuhi, Peckham. Gari lilikuwa limelala likichajiwa kwenye nguzo ya taa mbele ya nyumba. Mume wangu, Elia, alikuwa ameshawasha hita kwa simu, angali kitandani, kabla sijachomoa waya. Alinieleza sababu: joto la mwanzo linakula umeme mwingi, basi likale umeme wa nguzo, betri uiachie barabara. Akashuka na makoti mawili juu ya pajama, akapima upepo wa matairi, maana baridi huupunguza.

"Ukifika asilimia ishirini, tafuta chaja. Usijifanye shujaa," akasema.

"Nimekusikia."

"Na Da Hidaya umsalimie. Mwambie..." Aliingia ndani.

Saa mbili na nusu nilikuwa nimeshaiacha London, naelekea kaskazini. Mashamba yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda. Sisi wa milimani tunaijua baridi: Julai kwetu ukungu hushuka mpaka mlangoni, na mama alikuwa akifukia viazi kwenye majivu ya moto ili tuende navyo shule, mikono ipate joto njiani. Miaka kumi na mmoja sijafika. Kila Desemba nasema mwakani.

Karibu na Cambridge, saa tatu na nusu, nilisimama kuchaji. Chaja iliandikwa ya kasi, lakini asilimia zilipanda kwa kujikongoja. Nikampigia Da Hidaya kumwambia nitachelewa. Nilipokata simu, mzee mmoja Kalasinga aliyekuwa akichaji gari lake pembeni yangu akanisogelea.

"Mama, shikamoo siwezi kukupa, mimi ni mkubwa kwako," akasema kwa Kiswahili safi. "Lakini habari ya asubuhi."

Nilicheka, nikamwamkia mimi. Jina lake Mzee Harjit, mkazi wa Southall, mzaliwa wa Nakuru. Alikuwa anaenda kumwona binti yake. Nilimuuliza kwa nini chaja inasuasua.

"Chaja haina kosa. Betri yako ni baridi, haiwezi kupokea. Safari ijayo, kabla ya kufika, iambie ramani ya gari kwamba unakwenda kwenye chaja. Gari litaanza kuipasha betri lenyewe. Na hii hewa ya moto zima, washa joto la kiti na la usukani. Kupasha mwili wako ni rahisi kuliko kupasha gari zima."

"Na mwendo?"

"Maili hamsini, hamsini na tano. Waache wakupite. Ukifika asilimia themanini ondoka, hapo juu inajaa polepole mno, unapoteza siku."

Nilimuuliza kama huwa anarudi Nakuru. Aliangalia waya wake.

"Nilirudi mara moja. Nilikuta nyumba yetu, lakini hakuna aliyenijua jina. Kiswahili nimebaki kuongea na watu kama wewe, kwenye chaja." Akanipa chapati mbili alizofungiwa na mkewe, akaenda zake.

Saa sita kasoro, barabara ya A1, kaskazini mwa Peterborough. Theluji nyepesi ilianza, na upepo ukiwa usoni. Asilimia zilishuka mbele ya macho yangu. Nilipoingia kituo nilichokipanga nilikuta chaja zote zimezima, na karatasi imebandikwa kuomba radhi. Nilikuwa na asilimia ishirini na sita. Chaja nyingine ilikuwa Grantham, na gari lilisema nitafika na mbili, pengine nisifike.

Nilisimama pale kama dakika tano. Ningeweza kuita gari la kuvuta, wanifikishe huko jioni au kesho yake. Kesho yake saa nne Da Hidaya anachukuliwa na teksi. Nikavaa koti, glavu na skafu, nikajifunga kitenge miguuni, nikazima hita, nikaacha joto la kiti tu. Nikashika njia ya pembeni ya magari ya polepole, maili hamsini, malori yakinipita na kunimwagia tope. Kioo kilipoanza kuingia mvuke nilishusha dirisha kidogo, baridi ikaingia kama maji. Kwenye kila mteremko niliachia mguu ili gari lirudishe umeme kidogo. Chapati ya Mzee Harjit niliishika mkononi bila kuila. Nilikuwa nalia, sikujua ni baridi au ni nini.

Grantham niliingia na asilimia tatu. Ramani niliiambia mapema, kwa hiyo safari hii betri ilipokea umeme upesi. Nikakaa nikala chapati zote mbili.

Lincoln, saa tisa alasiri. Da Hidaya alifungua mlango akiwa amejitanda shali, akanishika mashavu yangu yaliyoganda. Nyumba ilikuwa tupu, sauti zinarudi. Jambo la kwanza alilofanya ni kupitisha waya wangu dirisha la jikoni.

"Chaji sasa hivi, betri ikiwa bado na joto," nilisema, nikamsikia Mzee Harjit kinywani mwangu.

Tulikunywa chai tumekaa sakafuni. Nilimwambia namwonea wivu: Jumatatu ataamka Soni. Alizungusha kikombe.

"Mariamu, naogopa," akasema. "Nimeisubiri safari hii miaka thelathini. Lakini wote niliotaka kuwarudia wamelala makaburini. Nikimwambia mtu kule kwamba leo nimeikumbuka Peckham, atanielewa?"

"Nipigie mimi."

"Hata kwa jambo la kijinga?"

"Hata la kijinga."

Jumamosi, saa nne asubuhi, teksi ilikuja. Da Hidaya, aliyeniambia nitalia, ndiye aliyelia mpaka dereva akashuka kuimalizia mizigo peke yake. Nilisimama barabarani mpaka teksi ikakata kona.

Kurudi kulikuwa rahisi. Gari lilikuwa limejaa na limepashwa kabla sijachomoa waya, mwendo hamsini na tano, na nilisimama mara moja tu. Saa kumi nilikuwa Peckham, Elia kaniwekea uji.

Niliondoka nikidhani hamu ya nyumbani ni umbali, kwamba ukiufuta kwa ndege, hamu imekwisha. Sasa najua hamu nayo hupanda ndege na mtu, na akishuka hugeuka kuangalia ilikotoka.

Jumatano iliyofuata alinipigia kutoka Soni. Nilisikia majogoo nyuma yake. Alisema amefika salama, watu wamempokea vizuri, joto la mchana linamchosha. Kisha akauliza:

"Huko theluji imeanguka?"

"Imeanguka. Imejaa mpaka kwenye vibaraza."

"Nieleze basi."

Nikasogea dirishani, nikaanza kumweleza.