Hotuba ya Uwanjani na Dola za Mama Kavira

Mwanangu, kuna siku moja ya vita ambayo mpaka leo naikumbuka kwa aibu. Nilikuwa kijana, nimemaliza sekondari, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha pesa barabarani hapa Goma. Wakubwa wapya walikuwa wameuteka mji. Wakimbizi bado walijaa njia ya Munigi, magodoro kichwani. Kiongozi mpya alitukusanya uwanjani akasema chini yake franka itapata nguvu na dola itashuka. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Kesho yake akaja Mama Kavira, muuza samaki wa soko la Kituku kando ya ziwa, rafiki wa marehemu mama yangu. Alikuwa na dola alizoziweka miaka mingi ili anunue injini ya mtumbwi, maana mumewe alikuwa akipiga kasia huku kifua kinamuuma.

“Mama, leta hizo dola nikupe franka,” nilimwambia mbele ya wenzangu. “Kiongozi amesema: mwezi ujao dola itakuwa chini. Utanunua injini, na mafuta juu yake.”

“Na maaskari yake, anawalipa?”

Nikacheka. “Mama, hiyo ni politiki. Hapa ni soko.”

“Weye mutoto ya masomo, niko nauliza tu. Jana walibeba samaki yangu bure.”

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye pia akacheka, akanipa dola zake. Aliniamini kwa sababu nilikuwa nimesoma.

Hazikupita wiki mbili, wenye maduka wakaanza kukataa franka. Askari wasiolipwa walikuwa wakifunga barabara na kuchukua mizigo, malori ya maharage yakaacha kuja, na kila mwenye kitu akatafuta dola za kuficha. Mama Kavira akarudi.

“Mutoto yangu, nirudilie dola sasa, hata kama nitapoteza kidogo?”

Siku hiyo angeokoa sehemu kubwa, nami nilijua. Lakini nilikuwa nimemsifu yule kiongozi kwa sauti, wote wakinisikia. Kukiri kwamba dola inapanda kulikuwa kukiri kwamba mimi ni mjinga. Nikamwambia, “Ngoja kidogo, mama.”

Akangoja. Franka zake ziliishia kwenye unga na chumvi. Mumewe alipiga kasia mpaka kifua kikamlaza, na hakuinuka tena. Nilikwenda kuomba msamaha yeye akiwa tayari mjane.

“Ulijua?” aliniuliza.

“Nilijua, mama.”

“Basi ungenambia tu.”

Mwanangu, kiongozi anaweza kweli kushusha bei au kuipandisha, lakini si kwa hotuba. Angalia kama askari wake wanalipwa, kama barabara zinapitika, kama watu wake wenyewe wanashika ile pesa anayoisifu. Umpende umpendaye, hiyo ni haki yako. Lakini mtu akikuuliza kuhusu jasho lake, mwambie unachokiona, si unachokitamani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, akiwa bado ana kitu cha kuokoa.

Mungu akupe macho yanayoona mapema, na ulimi usioona haya kusema kweli. Awalinde wote watakaokuamini.