Kununa Hadi Magharibi

Mimi sipigi kelele. Kwa miaka mingi nilijisifia jambo hilo. Kwetu milimani, nilikokulia, mama yangu akikasirika alifunga mdomo, na nyumba nzima ikatembea kwa kunyata mpaka siku atakapoamua kuufungua. Hakuna aliyechapwa wala kutukanwa. Tulinyimwa sauti yake tu, na nilipoolewa nilikuja na ustadi huo kama wengine wanavyokuja na vyombo.

Mume wangu ndiye aliyeuonja kwanza. Baada ya miaka kadhaa alipata kazi Masalani, akawa anarudi Garissa, tulikoishi, mara moja kila wiki mbili, na sikumlaumu, maana hata mimi ningejikimbia kama ningeweza. Tukabaki wawili, mimi na binti yetu wa gredi ya sita, katika vyumba viwili vya kupanga ndani ya boma la mama mmoja wa Kisomali aliyefanya biashara ya mbuzi. Mimi ni mwalimu. Binti yangu alisoma katika shule ninayofundisha, kwa hiyo shuleni aliniita mwalimu kama wenzake, na nyumbani mama.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia kwenye joto la Machi, lile la Garissa linalofanya bomba litoe maji ya kuogea bila kuchemsha. Adhuhuri moja nilitoka shuleni mapema nikakuta mbuzi watatu wa mwenye nyumba mlangoni kwangu wakilamba sahani. Ulikuwa ugali na maharagwe niliyomwachia mtoto asubuhi ale akija mapumziko ya mchana. Nilipochungulia ndani nikamwona binti yangu amelala sakafuni, midomo imekauka, kitabu usoni. Alikuwa amefunga. Tena si siku hiyo tu. Tangu mwezi uandame alikuwa akifunga pamoja na wajukuu wa mwenye nyumba, marafiki zake, na jioni alifuturu kwao kwa tende na sambusa huku mimi nikidhani ameenda kucheza.

"Nilitaka kujaribu tu," aliniambia. "Darasani wote wanafunga, mama. Ni mimi peke yangu nakula."

Mama mwingine angecheka, au angegomba dakika tano yakaisha. Mimi nilijiona nimeibiwa. Mtoto wangu mimi, kiongozi wa akina mama kanisani, anawamwagia mbuzi chakula changu na kunificha! Nikaingia, nikatundika mkoba, nikafunga mdomo.

Nilinuna siku kumi na moja.

Kwa asiyejua jinsi kunavyofanywa: unapika kama kawaida, unafua kama kawaida, ila sahani unaiweka mezani kwa kishindo kidogo. Mtoto akiuliza kitu, unageukia redio. Shuleni nilimtaja jina, nikamuuliza hesabu, akajibu, nikasema vizuri. Tukivuka mlango wa nyumba nikawa bubu. Mwanzoni alilia. Kisha akajaribu kunifurahisha, akaosha hata sufuria ambazo hazikuwa chafu na kunipangia vitabu vyangu kwa urefu. Mwishowe akaacha kujaribu, nami nikajiambia kwamba somo linaingia.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Tulikaguliwa langoni mwa kanisa na askari kama kila wiki, na baada ya ibada nikawafundisha akina mama wenzangu lile neno ambalo Mtume aliwaandikia Waefeso, kwamba jua lisitue tukiwa bado tumekasirika. Nililifundisha vizuri sana. Mifano yangu yote ilihusu waume. Binti yangu alikaa benchi la nyuma akinikazia macho, na sikuona haya hata chembe. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Siku ya kumi na moja mwenye nyumba alibisha hodi. Alikuwa mkali kwa wapangaji na mwepesi kwa watoto, na binti yangu alimwita ayeyo, yaani bibi, kama wajukuu wake walivyomwita. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

"Mwalimu, mtoto yako amekuwa mwanamke," alisema kwa Kiswahili chake kinachogeuza p kuwa b. "Leo siku ya bili."

Sikumwelewa. Akashusha sauti. "Damu, mwalimu. Jana alikuja kwangu ameshika nguo nyuma. Mimi nimemuosha, nimemba kila kitu. Hata kufunga ameacha, sababu mwanamke akiwa hifyo hafungi."

"Mbona hakuniambia?"

"Mimi nilimuuliza hiyo. Akasema, mama hasemi na mimi, sasa nitamwambia aje?"

Somo hilo la wasichana ni mimi niliyelifundisha gredi ya sita, kwa chati, muhula huo huo. Nilisimama pale nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Sisi tumebewa siku tatu," akaendelea. "Ukikasirika na mtu, siku tatu, basi. Ukibitisha ni dhambi, na mwenye kuanza salaam ndio mzuri. Kitabu yenu inasema siku ngabi?"

"Mpaka jua litue."

"Jua ya leo ama jua ya mwezi ujao?"

Hakungoja jibu. Akajitanda mtandio wake vizuri akaenda kuangalia mbuzi.

Jioni hiyo nilijifungia nikapiga magoti mpaka yakafa ganzi. Nililia kwa uoga zaidi kuliko majuto. Nilikuwa nimeapa tangu utotoni kwamba mtoto wangu hatanyata ndani ya nyumba yake, na sasa alikuwa amekwenda kuvujia damu kwa jirani kwa sababu mimi sikupatikana, na nilikuwa chumba cha pili. Nilimwambia Mungu kwamba sijui kuwa mtu mwingine. Nilimwomba anishike ulimi kinyume cha wanavyoomba wenzangu: wao wazuiwe kusema, mimi nisukumwe.

Nikaamua kulifuata lile neno kama lilivyo. Na mji wetu hauhitaji saa kujua jua linapotua. Msikiti wa nyuma ya boma huadhini magharibi, mji mzima hunyoosha mkono kwenye tende, na mimi nitafungua mdomo wangu wakati huo huo. Nilimweleza binti yangu mpango huo. Nikamwambia pia anisamehe, nilikuwa nimechoka, kazi ilikuwa nyingi.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Nilidhani ulimi umemteleza. Lakini tangu siku hiyo hivyo ndivyo alivyoniita, hata tukiwa wawili jikoni.

Sasa sikiliza kosa nililolifanya, ambalo nadhani ni mwalimu wa Garissa tu angelifanya: niligeuza adhana kuwa kengele ya shule. Binti yangu akinikera saa nne asubuhi, nilikuwa na ruhusa hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, na niliitumia ruhusa yote bila kubakisha dakika. Nilinuna kihalali. Adhana ikianza tu, nasema kwa sauti tamu, "Haya, njoo tule." Akinikera baada ya magharibi, basi nimepata mpaka magharibi ya kesho. Nilijiona nimebadilika, maana kutoka siku kumi na moja hadi siku moja si jambo dogo. Nilitoa hata ushuhuda kanisani, wenzangu wakapiga makofi.

Mfungo ukielekea ukingoni, binti yangu alisahau kufunika pipa la maji. Mbuzi wakanywa, wakatia mchanga ndani, na maji tuliyokuwa tumeletewa na mkokoteni wa punda asubuhi hiyo yakawa hayafai. Ilikuwa saa saba mchana. Nikafunga mdomo, nikahesabu kwamba nina saa tano na nusu.

Jioni umeme ukapotea. Nilikaa kwenye kiti changu nikingoja adhana. Kivuli cha ukuta kikafika mlangoni, kikapotea. Nilinusa sambusa za jirani, nikasikia vikombe vyao, na bado nikangoja, kwa sababu bila umeme kipaza sauti cha msikiti hakikulia, na mimi nilikuwa nimejizoeza kutomsemesha mwanangu mpaka kilie. Giza likaanza kuingia chumbani. Binti yangu akatokea mlangoni, akasimama hapo akiwa ameshika kishikio.

"Mwalimu," akasema taratibu, "jua limeshatua."

Hakusema kwa ufidhuli. Alisema kama mtoto anayemkumbusha mtu mgonjwa dawa. Nilifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Nilitaka kutoa neno lolote, hata kumgombeza kwa ajili ya pipa. Akangoja kidogo, kisha akaenda kwa ayeyo. Kesho yake alimpigia baba yake simu akaomba ahamishiwe shule ya Masalani shule zikifungwa.

Mume wangu alikuja wiki ya kufunga shule. Nilitarajia anilaumu, nikawa tayari na majibu. Alikaa tu akizungusha kikombe cha chai.

"Mimi nilikuzoea," alisema. "Lakini huyu ni mtoto."

Nilimwandalia binti yangu sanduku mwenyewe. Nilizikunja nguo zake mara mbili mbili, nikitafuta la kusema, na yote niliyoyapata yalihusu soksi. Walipanda gari la Masalani asubuhi. Aliniaga kwa mkono, kama wanafunzi wanavyoniaga. Nilirudi nyumbani nikaosha sahani moja.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ninavyotaka kuzisimulia. Nyumba ilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza maishani kimya hicho sikukitengeneza mimi wala sikuwa na uwezo wa kukimaliza. Niliacha kuongoza akina mama. Niliwaambia naumwa, na haikuwa uongo. Nilimpigia simu kila jioni bila kungoja adhana yoyote. Alijibu ndiyo, sawa, nimekula, kisha akamrudishia baba yake simu. Nilifungua Biblia nikiwa sitaki hata kuiona, kwa sababu nilikuwa nimelitii neno lake na mtoto ameondoka vile vile. Siku moja nikaangukia waraka wa Yakobo, pale anaposema tukiri makosa sisi kwa sisi. Nikalisoma kwa hasira. Mimi nilikuwa nimekiri, tena kwa machozi! Ila nilikiri kwa Mungu, mlango umefungwa. Kwa binti yangu nilisema nilikuwa nimechoka.

Hata baada ya kulisoma sikufanya lolote. Nilisema nitamwambia akija likizo. Nikamnunulia visodo, sabuni na gauni, nikavifunga vizuri, nikamkabidhi dereva wa Masalani. Nilitaka kutia barua ndani. Nilikaa na kalamu nusu saa, kisha nikajiambia mzigo wenyewe utasema.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, simu ililia nikiwa ofisini na walimu wenzangu. Ilikuwa namba ya mume wangu na sauti ya binti yangu, nayo ilikuwa inapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele. Kwetu hakuna aliyewahi.

"Umetuma mzigo hakuna hata neno moja! Nimetoa kila kitu, nimekung'uta mpaka gauni, nikitafuta karatasi! Unafikiri nilikuwa nataka sabuni? Siku ile nilikuwa naogopa, nilisimama nje ya mlango wako, nilikusikia unaongea na redio! Nilifanya nini mbaya hivyo? Nilifunga tu! Ungenipiga! Si ungenipiga tu kama mama za wengine!"

Nilihisi lile jambo likipanda. Ninalijua kama ninavyojua njia ya kwenda shule: kifua kinakauka, meno yanakutana, na ndani kabisa kuna utulivu mtamu unaoniambia ninyamaze, atachoka, atarudi mwenyewe. Walimu wenzangu walikuwa wameacha kutafuna. Sauti yake ilikuwa inasikika hadi dirishani.

"Unasikia?" akapiga kelele. "Au umeanza tena?"

"Nasikia," nikasema. Ilinitoka kama kikohozi.

"Basi sema kitu!"

"Sikuwa nimechoka," nikasema. "Nilikuambia nilikuwa nimechoka na kazi. Nilikudanganya. Nilinyamaza kusudi. Nilijua unalia na nikaendelea. Nilitaka uumie."

Ofisi nzima ilinisikia. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na faili mkononi.

"Kusudi?" binti yangu akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Kusudi. Hukuwa na kosa la kustahili hilo. Nimekukosea wewe."

Hakujibu. Nikangoja aseme amenisamehe, hakusema. Nikangoja alie, hakulia. Nilitamani kujaza kile kimya kwa ahadi, kwa maswali ya shule, kwa lolote lile, nikajizuia, maana zamu hii kilikuwa chake na alikuwa na haki nacho. Kengele ya alasiri ikalia. Wenzangu wakachukua vitabu vyao na kutoka mmoja mmoja bila kunitazama. Darasa langu lilikuwa likinisubiri na nilisikia kelele zao zikianza ng'ambo ya uwanja, lakini sikukata simu, kwa sababu upande wa pili bado nilikuwa namsikia akipumua.