Uzi Mwekundu wa Saimi

Mama yangu mkubwa, Saimi Hakkarainen, hakuwahi kumaliza kikombe cha kahawa akiwa amekaa. Anapiga funda moja, anainuka kuangalia jiko. Funda la pili, huyoo mlangoni kukagua komeo. Nilipokuwa mdogo alinichosha mpaka nikatamani kumfunga kamba kitini. Siku hizi watu wakimcheka, mimi ndiye ninayekasirika.

Kazi pekee iliyomtosha ilikuwa katika karakana ya ndugu wawili wa ukoo wa Räihä, kando ya ziwa Keitele, miaka ile ya thelathini. Taavetti, kaka mkubwa, alichora na kupiga hesabu. Oskari, mdogo wake, alirusha ndege. Walibuni ndege ya mbao ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakaiita Haapana, jina la bata wa ziwani kwetu. Ya kwanza ilikuwa nzito, ikagoma kupaa. Ya pili ilipaa vizuri, ikaishia kwenye misonobari, na Oskari akatembea na fimbo mwaka mzima. Ninayoisimulia ni ya tatu.

Bawa la Haapana lilikuwa mbavu za mbao zilizovikwa kitani, na kitani kilishonwa kwenye kila ubavu kwa sindano ndefu iliyopita upande huu hadi ule. Kwingine kazi hiyo hufanywa na washonaji wawili waliokaa, wakipasiana sindano. Saimi alifanya peke yake. Alichoma, akazunguka bawa, akavuta, akapiga fundo, akazunguka tena. Wenzake walisema kila wiki anatembea hadi Helsinki na kurudi.

Kengele ya kahawa ikilia, kila mtu aliweka chombo chini papo hapo. Kwa Taavetti hiyo ilikuwa amri. Kwa hiyo kila asubuhi Saimi alikata nyuzi nyekundu mbili, mmoja kwa kila kahawa ya siku, na kengele ikilia alifunga mmoja pale alipoishia kushona, ajue pa kuanzia. Akirudi aliufungua na kuutupa motoni.

Jumamosi moja ya Aprili, akifua aproni kabla ya kwenda sauna, alikuta mfukoni uzi mwekundu. Ulikuwa umenyooka, haujawahi kufungwa. Akili yake ikaruka hadi siku ile mdogo wake Hilja, mama yangu, mpaka gundi wa humo humo, alipoingia karakanani akipiga kelele kwamba amechumbiwa. Saimi aliacha kila kitu akamkumbatia, wakaenda kwenye kahawa bila yeye kufunga uzi. Alirudi baadaye akaendelea kushona, lakini alianzia wapi? Na mabawa yalikwisha kubandikwa utepe na kupakwa rangi ya fedha. Kwa nje hakuna jicho ambalo lingeona kitu.

Jumapili alimvizia Taavetti mlangoni mwa kanisa.

“Kaka Taavetti, kesho Haapana isiruke. Nina wasiwasi na bawa la kulia.”

“Saimi, ni lini hukuwa na wasiwasi?”

“Huu ni mwingine.”

“Barafu ina siku mbili, tatu tukibahatika. Ikiyeyuka tunangoja mpaka mwisho wa Mei tuifunge maboya iruke kutoka majini, na yule bwana wa klabu ya marubani anayekuja kuitazama hatarudi. Nenda kanywe kahawa. Na safari hii ukae!”

Watu wakacheka. Usiku ule Saimi hakupata hata lepe la usingizi.

Asubuhi Haapana ilisimama juu ya barafu ya ziwa kwa miguu yake ya kutelezea. Ndugu hao walikuwa na desturi yao: ndege mpya ikiruka mara ya kwanza, kiti cha nyuma hukaliwa na mmoja wa walioiunda, kwa kura ya vijiti kutoka kofia ya Oskari. Hivyo hakuna anayelipua kazi akidhani atakayeanguka ni mwingine. Kijiti kifupi kilimwangukia Hilja, akapanda.

“Shuka,” Saimi alimwambia.

“Sishuki! Mwaka mzima nanusa gundi, leo zamu yangu unaanza vituko?”

“Hilja, nakuomba.”

“Dada, unaniaibisha mbele ya mgeni.”

Saimi hakubishana tena. Alichomoa kisu kiunoni mwa Oskari, akalichana bawa la kulia kutoka ubavu wa tano hadi wa tisa.

Mafundo yote yalikuwapo, yamejipanga vizuri kabisa. Bwana wa klabu alifunga daftari lake. Hilja akaangua kilio palepale kitini. Mtu mwingine angetamani barafu ipasuke immeze. Mama yangu mkubwa alitazama lile bawa kidogo, akasema, “Basi ni la kushoto.”

Akazunguka ndege mbio. Taavetti akamfuata akiteleza, akamdaka mkono, lakini kisu kilikwisha kupita. Akachungulia ndani, akauachia mkono wa Saimi. Kwenye ubavu wa saba mafundo tisa hayakuwapo. Taavetti aliingiza mkono, akautoa, akauingiza tena.

Hilja alishuka bila kuambiwa. “Ni siku ile yangu?” akauliza.

“Ndiyo.”

Mgeni aliondoka, barafu ikayeyuka Jumatano. Taavetti alirudi kwenye michoro akaongeza tundu dogo lenye kifuniko chini ya kila bawa, pa kupitishia mkono wa mkaguzi. Haapana zote zilizofuata zilikuwa nalo, na karakanani waliliita tundu la Saimi. Yeye alishona mabawa yote mawili upya. Hakutaka msaidizi.

Mwisho wa Mei ndege ilikaa juu ya maboya, na kiti kilikuwa bado cha Hilja. Safari hii aliogopa. Alinisimulia mara nyingi jinsi maji yalivyopiga chini yake, jinsi alivyoshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, macho ameyafumba, akingoja kitani kipasuke.

“Oskari alipogeuka juu ya gati nilijilazimisha kutazama chini,” mama alisema. “Nilimtafuta dada. Wote walikuwa wanakimbia huku na huku wakipunga kofia. Saimi peke yake alikuwa amekaa, miguu majini, anakunywa kahawa. Ndipo nikaachia ukingo wa kiti.”